Mtoto Mchanga Naye Ni Abiria

Tangu nirudi kutoka kwa binti yangu, hakuna habari inayochekesha watu kama hii: kule kuna watu wanaolipa pesa ili waende kuvua samaki. Si kununua samaki, kuvua. Mama mmoja pale Kalundu aliponisikia aliweka chini beseni yake ya ndagala akaniuliza: "Yaani mtu analipa ili afanye kazi ya mume wangu? Basi wamlete hapa, tutamfanyia bei ndogo."

Nilicheka pamoja naye, maana hata mimi nilicheka hivyo siku ya kwanza. Lakini wengine mmeniomba niandike vizuri jinsi mambo yalivyokuwa, hasa habari ya kapiteni, kwa hiyo nimechukua kalamu.

Binti yangu anaishi Portland, mji wa jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Wakongomani ni wengi pale. Ukingoja basi unaweza kusikia Lingala huku na Kiswahili cha Bukavu kule. Nilikwenda kumkanda, kwa sababu alikuwa amejifungua mtoto wa tatu na hakuwa na mama wa kumwogeshea mtoto. Mji wenyewe uko kando ya ghuba inaitwa Casco Bay. Ghuba ni mahali bahari inapoingia katikati ya nchi kavu, kama mkono unavyoingia mfukoni. Ndani yake kuna visiwa vingi mno. Wenyeji wanapenda kusema ni vingi kama siku za mwaka. Waliovihesabu wanasema havifiki huko, lakini ukiwa majini huwezi kubishana na mtu. Maji ni ya chumvi, na ni baridi hata mwezi wa saba. Niliingiza mguu mara moja tu.

Mkwe wangu anafanya kazi ya usiku, na siku ya kupumzika anaipata kwa taabu. Hiyo siku yake moja alitaka kunipa mimi. Akasema: "Mama, wewe ni mtoto wa ziwa. Nataka uone maji ya huku, na watoto wakuone ukivua." Akaanza kutafuta kwenye telefone. Kazi hiyo iko hivi: kuna mtu mwenye boti, ana ndoano, ana chambo, anajua samaki wako wapi na wanakula saa ngapi. Wewe unashika nafasi, unatoa avansi, na siku ikifika anakuongoza. Kwa saa nne tulikuta bei ya dola 500. Hiyo ni ya boti nzima: muwe wawili au sita, bei haibadiliki.

Nilishika kichwa. Dola 500 katika kikundi chetu cha AVEC ni mikopo ya wamama wangapi? Binti yangu akaniambia nisihesabu kwa pesa za Uvira. Nilihesabu vilevile.

Lakini kilichonifanya nikatae usiku ule si bei. Wanaonijua wanajua kwamba mimi sipandi mashua ovyo. Wifi yangu, dada ya mume wangu, alitoka nyumbani asubuhi moja na kikwembe kipya, akaenda kupanda mashua ya kuelekea kusini na magunia yake. Waliobaki bandarini walitusimulia baadaye. Upepo ulikuwa umekwisha kuanza. Mashua ilikuwa imejaa. Watu wawili watatu walisema tungoje kidogo. Lakini nauli zilikuwa zimelipwa, na mwenye mashua alikuwa amenunua mafuta kwa nauli hizo, akichelewa anakula hasara. Mimi siku zote nasema pesa ndiyo iliyosukuma mashua ile, injini ilifuata tu. Tulipokwenda kuuliza ni watu wangapi waliokuwa ndani, hakuna aliyejua. Hakukuwa na orodha, na watoto waliopakatwa na mama zao hawakuhesabiwa na mtu. Wifi yangu hatukumzika, kwa maana hatukupata cha kuzika. Na tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilipozama karibu na Kituku, pale Goma, watu wakiiona kutoka ufukoni, nilizima redio nikajifungia chumbani.

Kwa hiyo nilimwambia binti yangu: hatutoi hata dola moja mpaka nimeuliza. Weka telefone kwenye spika, mimi nitasema Kiswahili, wewe utafsiri kila neno, usinipunguzie.

Boti ya kwanza tuliyopigia sitaitaja. Mtu aliyepokea alikuwa mchangamfu sana. Tulimwambia tuko saba: mkwe wangu, binti yangu, mimi, wajukuu wawili wa miaka 10 na 6, jirani yetu mmoja mama wa Bukavu, na mtoto mchanga wa miezi miwili. Akasema hakuna shida. Nikauliza: boti inaruhusiwa watu wangapi? Akasema sita, ila mtoto mchanga atapakatwa, hahesabiwi. Kisha akataka pesa zote mbele, na zisirudishwe kwa sababu yoyote.

Binti yangu alipotafsiri lile neno "hahesabiwi" sauti yake ilipungua, kwa sababu naye ni mpwa wa wifi yangu. Nikamwambia: mwambie asante, tutapiga tena. Hatukupiga.

Huko kwao kuna sheria, na si ngumu kuielewa. Anayechukua watu kwa malipo, hata kama ni kwenda kuvua tu, lazima awe na leseni ya ukapiteni inayotolewa na Walinzi wa Pwani wa nchi. Leseni ile ya kawaida ya boti ndogo inamruhusu abiria sita, basi. Akitaka kuchukua zaidi, chombo chenyewe lazima kikaguliwe na kupewa cheti cha namna nyingine. Kwa hiyo mtu anayekwambia "sita na mtoto" hakufanyii wema, anakuonyesha jinsi anavyohesabu.

Kapiteni wa pili alikuwa mtu wa maneno machache, karibu mkavu. Tulimwambia tuko saba, akajibu kabla sijauliza: sita tu, na mtoto mchanga naye ni abiria. Akaongeza kwamba hata tungekuwa wanne, mtoto wa miezi miwili yeye hampakii, kwa sababu hana jile inayoweza kumshika mtoto wa namna hiyo akianguka majini, na hajui mtu anayeiuza. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea: wale wavulana wawili wana uzito gani? Binti yangu akadhani hakusikia vizuri. Alisikia vizuri. Jile za watoto zinapimwa kwa kilo, si kwa umri. Ikiwa kubwa mno, mtoto anachomoka chini na jile inabaki ikielea peke yake. Katika jimbo la Maine mtoto wa miaka 10 na chini ni lazima aivae wakati wote akiwa ndani ya boti. Haitoshi iwe imefichwa chini ya kiti. Tulipima watoto kwa mzani wa bafuni tukamtajia kilo zao.

Niliuliza mengine. Leseni yako iko wapi? Akatuma picha yake kwenye telefone, na hakukasirika. Sisi je, tunahitaji kibali cha kuvua? Hapana, kule Maine anayevua baharini hujiandikisha, lakini ukiwa abiria wa kapiteni mwenye leseni halali hiyo haikuhusu. Majimbo mengine yana utaratibu wao, kwa hiyo mwenye ndugu Florida au Texas aulize ya kwake. Boti ina redio, au tunategemea telefone? Ina redio, kwa sababu telefone hazishiki nyuma ya visiwa. Nani atajua tuko majini? Akasema majina yetu yatabaki nchi kavu kwa mke wake, pamoja na saa ya kurudi. Hapo nilinyamaza kidogo. Binti yangu aliniuliza kama ningali kwenye laini, na mimi nilikuwa nimekaa karibu naye.

Swali langu la mwisho lilikuwa hili: tukiisha kulipa, na upepo ukija, nini kinatokea kwa pesa yetu?

Akaeleza. Avansi ni dola 150. Iliyobaki mnalipa siku ya safari. Nikivunja safari mimi kwa ajili ya hali ya hewa, mnachagua siku nyingine au narudisha yote. Mkivunja ninyi zikiwa zimebaki chini ya siku tatu, avansi imekwenda, kwa sababu siku hiyo nimewanyima watu wengine. Na uamuzi kuhusu hali ya hewa ni wangu mimi, si wenu; hata mkisimama bandarini na jua linawaka, nikisema hapana ni hapana.

Mkwe wangu aliona hayo ni maneno makali. Mimi nikamwambia: mlipe huyo.

Binti yangu alikubali kubaki nyumbani na mtoto, tukawa watano. Tulipewa Jumamosi, kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo hatukuichagua sisi, iliamuliwa na maji. Sisi wa ziwa hatujui jambo hili. Bahari ya pale inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, karibu mita tatu, urefu wa ukuta wa nyumba. Asubuhi unaona mawe na matope, saa sita baadaye boti zinaelea mahali palepale. Samaki wanafuata mwendo huo, kwa kuwa maji yakikimbia kati ya visiwa yanabeba chakula chao. Kapiteni mzuri anapanga saa kwa kutazama jedwali la maji kupwa na maji kujaa, na ukimwomba saa ya starehe yako atakukubalia kama anataka pesa tu.

Aliandika pia vya kuleta: nguo za baridi hata kama mchana kutakuwa na joto, viatu vya soli isiyochafua, maji, chakula, na dawa ya kichefuchefu kwa anayeijua hali yake. Dawa hiyo inamezwa kabla ya kuingia majini, ukishaanza kutapika imechelewa. Na kwa watoto tulimuuliza mfamasia kwanza. Mwisho aliandika: ndizi zisiletwe. Nilimwambia binti yangu asome tena. Kumbe wavuvi wengi wa kule wanaamini ndizi ndani ya boti inaleta mkosi, samaki hawashiki. Watu wenye redio, leseni na jedwali la maji wanaogopa ndizi! Nilifurahi sana. Mjomba wangu aliyekuwa akivua kwa taa hapa Uvira naye alikuwa na vyake.

Ijumaa jioni, saa mbili, kapiteni akapiga. Safari hakuna. Upepo wa kusini-magharibi utaongezeka, ofisi ya hewa imetoa onyo kwa vyombo vidogo.

Jumamosi tuliamka na jua safi. Mti wa mbele ya nyumba haukutikisika. Watoto walilia. Mkwe wangu alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake kwa ajili ya siku ile, na zamu kama hizo hazipatikani tena kirahisi. Akasema maneno kidogo, kwa heshima lakini aliyasema: huyu mtu ni mwoga, au amepata wateja wa bei kubwa. Saa nane mchana alitupeleka kwa gari mpaka kwenye ule mnara wa taa unaoitwa Portland Head Light, uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1791, tukanunua aiskrimu. Hapo ndipo tuliona. Bahari ya nje ilikuwa nyeupe, mawimbi yanapiga mawe mpaka maji yanaruka juu ya watu. Mkwe wangu alikula aiskrimu yake bila kusema.

Ningependa mnielewe. Sisemi wazungu ni wema na sisi ni wabaya. Yule wa kwanza alikuwa tayari kupakia watu saba. Na huyu wa pili, nadhani, asingekuwa na uwezo wa kusema hapana kama angekuwa na deni la mafuta na watoto wenye njaa nyumbani kama mwenye mashua wa Kalundu. Dola 500 zetu zilikuwa zinalipa hata ule uwezo wa kukaa nyumbani siku moja. Siku ile ya wifi yangu hakuna mtu pale bandarini aliyekuwa na uwezo huo, si mwenye mashua, si abiria. Mimi hilo nimelifikiri kuliko samaki.

Tulipewa Jumatano ya wiki iliyofuata. Mkwe wangu alitoka kazini saa kumi usiku akaja moja kwa moja, hajalala.

Ukungu ulikuwa mzito hata sikuona mwisho wa boti. Kapiteni alivalisha watoto jile mwenyewe, akazishika mabegani akavuta juu kuona kama zinatoka. Kisha akatuonyesha redio na kutufundisha kuitumia, akisema: mimi nikianguka majini, ni nani atawaita? Jirani yangu wa Bukavu alinong'ona, "Huyu anatuombea mabaya." Mimi nilimwona anafanya kazi yake.

Juu ya maji kulikuwa na maboya ya rangi nyingi, mengi kama maua. Chini ya kila moja kuna mtego wa kamba-bahari wale wakubwa, na kila mvuvi ana rangi zake. Kugusa mtego wa mwingine ni kosa la sheria. Wajukuu wangu walitaka kuvuta kamba moja. Hapana.

Samaki anayetafutwa pale na wageni wanamwita straipa. Ana mistari myeusi ubavuni, ni mnene kama sangala wetu. Hakai pale mwaka mzima: wengi huzaliwa kusini, kwenye ghuba ya Chesapeake na mto Hudson, wanapanda kaskazini wakati wa joto na kurudi kabla ya baridi. Mjukuu wangu mkubwa ndiye aliyemshika wa kwanza. Ndoano ilikunja fimbo mpaka nikamshika mtoto kiunoni, maana niliona atafuata samaki. Walipigana dakika kumi. Alipofika juu, wamama, alikuwa samaki wa kulisha wageni wa harusi!

Kapiteni akamlaza kwenye ubao wa kipimo: inchi 33. Akamrudisha majini.

Nilipiga kelele kwa Kiswahili. Yeye hakuelewa maneno lakini alielewa mama. Mkwe wangu akatafsiri jibu lake. Sheria inakubali samaki mmoja kwa mtu kwa siku, na awe kati ya inchi 28 na 31, yaani sentimita 71 mpaka 79 hivi. Akiwa mfupi, hajazaa vya kutosha. Akiwa mrefu, ni mama mkubwa. Jike mkubwa anataga mayai zaidi ya milioni kwa mara moja. Samaki hao wamepungua, kwa hiyo wakubwa wanaachwa wazae. Nilikumbuka mwaka 2024, ziwa letu lilipofungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya mwezi wa tano, na jinsi wamama wa ndagala walivyoteseka bila posho. Shabaha ni ile ile, samaki wapumue. Tofauti ni nani anayekaa njaa wakati samaki anapumua. Yule kijana wangu alirudi nyumbani akapika mkate.

Baadaye mimi nilishika mmoja wa inchi 29. Huyo alikuwa halali. Lakini kabla ya kumuua, kapiteni aliuliza: nani atamla? Tukamwambia: mama anayenyonyesha, watoto hawa, sisi. Akatikisa kichwa. Serikali ya Maine inaonya kwamba mwenye mimba, anayenyonyesha, anayetazamia kupata mimba, na mtoto wa chini ya miaka 8, wasile straipa kabisa. Wengine wasizidishe mara nne kwa mwaka. Sababu ni zebaki, na sumu za viwanda za zamani ziitwazo PCB, ambazo hazitengenezwi tena kule tangu mwaka 1979 lakini zingali kwenye matope na kwenye mafuta ya samaki wakubwa. Maji yale ukiyatazama yanang'aa. Sumu haionekani, haina harufu, na kupika hakuondoi zebaki.

Nilishtuka. Mimi nilikwenda kule kumlisha mzazi apate maziwa, na supu ya samaki ndiyo ya kwanza tunayompa. Ningeweza kumpa bakuli zima kwa upendo. Hakuna aliyetuambia hili tulipokuwa tunashika nafasi. Na hapo kapiteni wetu, pamoja na uzuri wake wote, alichelewa. Mwenye mzazi au mtoto mdogo nyumbani aulize kabla ya kutoa avansi: samaki wa huko, nani anaweza kumla?

Basi akageuza boti, akatupeleka karibu na kisiwa kimoja, akatupa kamba nyembamba zenye ndoano nyingi ndogo. Huko tulipata makero. Ni samaki mdogo wa mgongo wa kijani na mistari kama mawimbi, kwa sura mnaweza kumfikiria Thomson wa friji. Huyo zebaki yake ni ndogo, na kule wanamweka katika samaki wanaofaa kwa wenye mimba na wanaonyonyesha. Mjukuu wa miaka 6 alivuta wanne kwa pamoja akaanguka akakaa, anacheka. Tulijaza ndoo.

Yule wa inchi 29 nilimchukua. Nina miaka 61, sinyonyeshi mtu.

Mwisho wa safari kapiteni alisafisha samaki, na kuna matabishi. Kule matabishi ni desturi, watu hutoa kama asilimia 15 au 20, na hayamo katika bei unayoonyeshwa. Mkwe wangu alitoa dola 100. Kwa hiyo safari ilikuwa 600, ukiacha mafuta ya gari. Ni pesa nyingi, na mkwe wangu alizipata kwa usiku mwingi wa kubeba masanduku. Nilimwambia asifanye tena mpaka mtoto amefikisha mwaka.

Jioni binti yangu alikula makero ya kuchoma na ugali, na sombe ya friji ambayo wanaiuza kule ghali. Mtoto alinyonya akalala.

Niliporudi Uvira nilikuta chama chetu kinapanga kwenda Baraka kwa mashua, kwenye mazishi ya mama wa mwenzetu, wamama 22. Mwenye mashua wa kwanza nilimuuliza: upepo ukija, pesa yetu inakuwaje? Akanijibu, "Mama, upepo ni wa Mungu." Sikubishana naye juu ya Mungu, tulikwenda kwa mwingine. Huyo alikubali nusu mbele na nusu tukishuka Baraka, na asipoondoka kwa sababu ya upepo, ile nusu inangoja mpaka kesho yake. Katibu aliandika majina yote mara mbili, moja tukamwachia mwenzetu wa sokoni, na watoto watatu wa mgongoni waliandikwa kila mmoja kwa jina lake. Wawili mama zao walikubali wabaki na bibi zao.

Asubuhi ile alileta jile 19, naye alikuwa ameahidi moja kwa kila mtu. Alisema tupande, wengine watashikana. Wamama wakaniangalia mimi. Tulikaa juu ya mizigo yetu, hakuna aliyepanda, na nusu ya pili ya pesa ilikuwa bado kwenye kikwembe cha mhazini. Jile nne zilizobaki, pamoja na moja ndogo ya mtoto, zilitoka kwa mashua ya jirani saa nne kasoro. Tukaondoka saa nne.